Panya wasiopewa dawa wameota uvimbe: je, nimeharibu utafiti?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Najaribu dondoo la mmea kwa panya majike wa ukoo wa Sprague-Dawley, kuona kama linapunguza maumivu ya viungo uzeeni. Nina makundi mawili, 12 kwa 12, na sasa wana miezi 20. Kundi linganishi, yaani lile lisilopewa dawa, limenichanganya. Watano wana uvimbe chini ya ngozi, na wa mmoja wao uko kwapani, mkubwa kama limau. Mwingine anatembea kichwa kimelala upande, mwingine anaburuta miguu ya nyuma, na kadhaa wanatoa kitu kama damu machoni. Kundi la dawa wenye uvimbe ni wawili tu. Msimamizi wangu anasema niwatoe wagonjwa kwenye takwimu kwa sababu kundi linganishi halitakiwi kuugua. Rafiki yangu anasema nimegundua kinga ya saratani. Nimfuate nani? Uzito wa wastani: kundi linganishi gramu 430, kundi la dawa gramu 365.

JIBU

Marahaba. Usimfuate yeyote kati yao, na usimtoe panya hata mmoja. Yaliyotokea kwenye vizimba vyako angekutabiria mtu yeyote aliyewahi kufuga majike wa Sprague-Dawley mpaka wakazeeka. Ningeshtuka zaidi kama ungeniandikia kwamba wote 24 ni wazima.

Panya wa maabara huishi miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo wa miezi 20 ni bibi kizee. Na uzee wa panya una ratiba: humwendea kila mmoja kwa kufuata ukoo wake, jinsia yake na chakula chake. Sisi tunaopasua mizoga huuliza mambo hayo matatu kabla hata ya kushika kisu. Nikiambiwa ni dume wa ukoo mwingine uitwao Fischer 344, wa miaka miwili, nitasema nikiwa nimefumba macho kwamba korodani zake zina vinundu vya njano, maana zaidi ya robo tatu ya wenzake wanavyo. Nitasema pia wengu wake ukaguliwe vizuri, kwa sababu ukoo huo una aina yake ya saratani ya damu inayouvimbisha wengu mara kadhaa ya kawaida na kumwacha mnyama na masikio ya njano. Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa Marekani, NTP, ulimtumia panya huyo kwa miongo kadhaa, halafu ukamwacha. Mojawapo ya sababu ni hiyo: magonjwa yake ya asili yalikuwa mengi kiasi cha kuficha kazi ya kemikali iliyokuwa ikipimwa.

Kwako wewe, jike wa Sprague-Dawley, jibu langu la macho yaliyofumbwa ni mawili: tezi za maziwa na tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo.

Tuanze na limau la kwapani. Jike wa panya ana jozi sita za chuchu, lakini tishu ya tezi za maziwa imetambaa mbali kupita chuchu zenyewe: inaanzia shingoni, inashuka hadi kinenani na kupanda ubavuni. Ndiyo maana uvimbe wa ziwa unaweza kujitokeza mahali ambapo hungetarajia ziwa kabisa. Mshike taratibu, uusukume uvimbe kwa kidole. Ukiteleza chini ya ngozi kama kokoto ndani ya soksi, ukiwa na ugumu wa mpira na vijibonde juu yake, karibu hakika ni fibroadenoma, yaani mchanganyiko wa tezi na nyuzinyuzi ambao hauvamii majirani wala hausafiri kwenda mapafuni. Utakapoukata siku ya uchunguzi wa mzoga utaona nyama nyeupe inayong'aa, imegawanyika vijisehemu kama chungwa lililomenywa. Ukiukuta umeng'ang'ania msuli, au katikati yake pana damu na uozo, hapo fikiria saratani yenyewe, adenokasinoma. Hiyo nayo hutokea bila dawa yoyote, ila ni nadra kuliko fibroadenoma. Na kabla ya yote hakikisha si jipu.

Majike wa ukoo huu wakifikia miaka miwili huku wakila watakavyo, wenye fibroadenoma huwa kati ya theluthi na zaidi ya nusu, ikitegemea wametoka kwa mzalishaji gani na walilishwaje. Watano kati ya 12 wako humo humo. Ukubwa pia usikutishe. Uvimbe huu usio saratani unaweza kukua mpaka mnyama ashindwe kutembea bila kuukokota.

Picha za namna hiyo ziliwahi kuizunguka dunia. Mwezi wa Septemba 2012 kundi la watafiti wa Ufaransa likiongozwa na Gilles-Éric Séralini lilichapisha kazi iliyodai kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba na dawa ya magugu ya Roundup viliwaletea panya uvimbe. Panya walikuwa 200, Sprague-Dawley kama wako, wakafugwa miaka miwili, lakini kila kundi lilikuwa na 10 tu wa kila jinsia. Wasio wataalamu waliona uvimbe wa kutisha. Wataalamu waliona majike wazee wa Sprague-Dawley. Jarida liliiondoa makala hiyo mwishoni mwa 2013, likieleza kwamba halikukuta udanganyifu ila idadi ya panya na ukoo uliotumika havikuruhusu hitimisho lolote. Mwaka 2014 ilichapishwa tena kwenye jarida jingine na ubishi ukaendelea. Nakutajia kisa hiki kwa sababu rafiki yako anakuvuta kwenye shimo lile lile, ila kwa upande wa pili: wale walisema kitu fulani kinaleta uvimbe, wewe unataka kusema kinauzuia.

Sasa, kwa nini majike hawa? Ukilielewa hili utajua pa kutazama siku ya kupasua. Panya jike hazeeki kama mwanamke. Akikaribia mwaka mmoja mzunguko wake wa uzazi huanza kuyumba, na wengi hukwama kwenye hali ya joto la kudumu, yaani joto la kutaka dume, si homa. Ovari haziachilii mayai, lakini estrojeni, homoni ya kike, inaendelea kutoka, miezi na miezi. Estrojeni hiyo inazichochea chembe za pituitari zinazotengeneza prolaktini, homoni ya kunyonyesha. Kwa kawaida ubongo huzizuia chembe hizo kwa dopamini, ila kwa panya mzee breki hiyo imelegea. Prolaktini inapanda, tezi za maziwa zinasikia wito wa kunyonyesha watoto wasiokuwepo, na baada ya muda zinaota uvimbe. Chembe zenyewe za pituitari nazo huzaana kupita kiasi mpaka zikawa uvimbe. Ushahidi kwamba mambo yanakwenda hivi ni mzuri: majike wa ukoo huu walioondolewa ovari wakiwa bado vijana hupata uvimbe wa maziwa na wa pituitari mara chache sana kuliko wenzao.

Kwa hiyo yule wa kichwa upande ninamshuku pituitari. Utakapofika wakati wake, fungua fuvu kwa juu, kata mishipa ya fahamu chini ya ubongo, kisha uinue ubongo polepole kuanzia mbele. Usiuvute. Pituitari haitoki na ubongo. Inabaki imekaa kwenye sakafu ya fuvu. Kwa jike mzima ni kitu cha rangi ya waridi iliyopauka, uzito wake hata punje moja ya mchele haufiki. Kwa huyu natarajia kidonge cheusi chekundu, laini, kimejaa damu, na upande wa chini wa ubongo utakuta kimeuachia shimo linalolingana nacho. Usikishike kwa koleo, kitapasuka. Tumbukiza sakafu nzima ya fuvu kwenye fomalini ikiwa na pituitari yake, uje uitoe baada ya siku mbili ikiwa imekaza. Wanafunzi wengi huuchukua ubongo, hutupa fuvu, kisha huandika "sababu ya kifo haikujulikana". Sababu waliitupa pipani.

Ila kichwa upande kina mshukiwa wa pili, na hapa nakuomba usiniamini haraka. Usaha ndani ya sikio la kati humfanya panya aelemee upande vilevile, na bakteria anayejulikana sana kwa kazi hiyo ni Mycoplasma pulmonis, ambaye pia hula mapafu. Neno "uzee" limewahi kutumika vibaya kwenye jambo hili. Zamani panya wazee wengi wa maabara walikuwa na mapafu yaliyojaa usaha, na watu walizoea kuona hivyo ndivyo panya wanavyozeeka. Zilipokuja koloni safi, zilizoanzishwa kwa watoto waliotolewa tumboni kwa upasuaji na kulelewa mbali na vijidudu, mapafu hayo yakatoweka huku panya wakizeeka kama kawaida. Kumbe yalikuwa maambukizi siku zote. Kwa hiyo sikiliza vizimba vyako usiku kukiwa kimya. Ukisikia panya wakikoroma au kupiga chafya, pima vijidudu kwanza kabla ya kuandika uzee. Na siku ya kupasua fungua kile kifuko cha mfupa nyuma ya taya, ambacho ndicho sikio la kati, pande zote mbili. Kwa mzima kina hewa tu ndani.

Damu ya machoni si damu. Ni rangi iitwayo pofirini, inayotoka kwenye tezi ya Harder nyuma ya jicho. Panya mzima huipangusa anapojisafisha. Akiumwa au akiwa na dhiki, hutoka nyingi naye hana hamu ya kujisafisha, basi inamgandia machoni na puani. Gusa kwa pamba yenye unyevu, ingia mahali penye giza, uimulike kwa taa ya miale ya urujuanimno. Ikiwaka waridi umeshajua. Hiyo inakuambia panya hana raha. Haikuambii kwa nini.

Anayeburuta miguu huenda ana uharibifu wa mizizi ya neva za kiuno, ambapo ala ya mafuta inayozizunguka inachakaa na misuli ya mapaja inasinyaa. Ni kawaida kwa panya wazee. Hata hivyo mgeuze utazame nyayo. Panya mzito aliyekaa miezi kwenye sakafu ya waya huota vidonda vya kisigino, na anayeumia kisigino naye hukataa kukanyaga. Kwa utafiti wako wa maumivu ya viungo hili si jambo dogo. Kama hukukagua nyayo, hujui ulichopima ni kiungo, neva au kidonda.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini utalikuta tu: figo. Hili ndilo gonjwa kuu la uzee wa panya, nalo huwashika madume mapema na vibaya kuliko majike. Kwenye hadubini huanza panya angali kijana wa miezi michache, mirija midogo ikibadilika rangi hapa na pale. Kisha vichujio vinakakamaa, protini inavuja na kuganda ndani ya mirija kama nta. Mwishowe figo inakuwa kubwa, imepauka, ngozi yake ina chembechembe. Ikifika hapo madini ya mwili yanavurugika, tezi za paradundumio zinavimba, mifupa inalainika, na chokaa inajipanga kwenye kuta za tumbo na mishipa mikubwa. Hakuna kijidudu hapo. Chakula kingi, hasa chenye protini nyingi, huharakisha gonjwa, na kupunguza chakula hulichelewesha sana. Pima uzito wa figo zote mbili za kila panya, halafu mtafute mtu wa kukusomea slaidi bila kujua panya yupi ni wa kundi gani.

Neno chakula ndilo linalonirudisha kwa rafiki yako na ile kinga ya saratani.

Tazama uzito ulionitumia. Kundi la dawa ni jepesi kwa gramu 65, yaani asilimia 15. Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionesha mwaka 1935 kwamba panya wanaolishwa kidogo, ilimradi vitamini na madini havipungui, huishi muda mrefu kuliko wanaokula watakavyo. Kazi nyingi zilizofuata zimeonesha kwamba panya mwembamba hupata uvimbe mchache, na uvimbe wa maziwa na wa pituitari ni kati ya unaopungua wazi zaidi. Sasa niambie: dondoo lako lina ladha gani? Umelichanganya kwenye chakula? Kama ni chungu, panya wako wamekula kidogo, wamekonda, na ukondefu umewakinga. Mwarobaini, shubiri, chochote kichungu kingekupa jedwali hilo hilo. Njia ya kujua ni kupima chakula kinacholiwa kila wiki kwenye kila kizimba. Na kama ungeanza upya ningekuambia uongeze kundi la tatu: lisipewe dawa, ila lipewe chakula kiasi kile kile kinacholiwa na kundi la dawa. Bila kundi hilo huwezi kutenganisha dawa na njaa.

Uliza pia dondoo limeyeyushwa kwenye nini. Kwa madume wa Fischer 344 ilionekana kwamba mafuta ya mahindi peke yake, yakinyweshwa kwa mrija bila dawa yoyote ndani, hupunguza ile saratani yao ya damu na huongeza uvimbe wa kongosho. Kwa hiyo kama kundi la dawa linapata mafuta na kundi linganishi linapata maji, huna kundi linganishi.

Halafu kuna hesabu. Watano kati ya 12 dhidi ya wawili kati ya 12 inaonekana nzuri ukiichora kwa rangi. Nimeipitisha kwenye jaribio la Fisher, kipimo cha takwimu cha kulinganisha makundi madogo: hata kama dondoo halifanyi kitu chochote, kuwagawa panya kwa bahati nasibu kungekupa tofauti kubwa kama hiyo au zaidi, upande wowote, takribani mara 37 kwa kila mara 100. Mwongozo wa majaribio ya saratani wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, unataka angalau panya 50 wa kila jinsia kwenye kila kundi, na hao 50 wanatakiwa kwa sababu hii hii: kundi linganishi lenyewe lina uvimbe mwingi. Utafiti wako ulipangwa kwa ajili ya viungo. Ubaki huko. Uvimbe uandike kwenye jedwali la matokeo ya ziada, ueleze uzito, usidai kitu.

Kuhusu msimamizi wako, mwendee kwa heshima lakini usimpe alichoomba. Kundi linganishi halipo ili liwe zima. Lipo ili lioneshe panya wa ukoo huu, kwenye chumba hiki, kwa chakula hiki, huwa anakuwaje akiachwa. Ukiwatoa wagonjwa upande mmoja, unalinganisha panya waliochujwa na panya wasiochujwa, na msomaji yeyote mwenye uzoefu atakayekuta majike wazee wa Sprague-Dawley wasio na uvimbe hata mmoja atajua kuna mkono umepita. Kama anahitaji kushawishika, omba kumbukumbu za makundi linganishi ya miaka michache iliyopita kutoka maabara yenu au kwa aliyewauzia panya. Ziwe za ukoo huo huo, jinsia hiyo, muda huo huo wa kufugwa. Jedwali moja la namna hiyo mezani humaliza ubishi kuliko barua yangu.

Unachoweza kufanya kwa haki ni kuweka kanuni kabla ya kupasua, na kuitumia pande zote mbili. Kwa mfano, panya mwenye uvimbe unaomzuia kutembea asihesabiwe kwenye kipimo cha mwendo kuanzia tarehe uliouona, awe wa dawa au asiwe. Hapo ndipo daftari lako litakapokuokoa: tarehe ya kwanza uliyougusa kila uvimbe, mahali ulipo, urefu na upana kwa milimita, kila wiki. Wakifa kwa nyakati tofauti tarehe hizo ni za lazima, kwa sababu aliyekufa miezi 15 hakupata muda wa kuota uvimbe ambao mwenzake wa miezi 24 ameuota. Kuna hesabu za kurekebisha hilo, kama Poly-3 inayotumiwa na NTP, lakini haziwezi kubuni tarehe usiyoandika.

Na mzoga usilale. Panya huoza haraka, utumbo kwanza. Aliyekutwa asubuhi apasuliwe asubuhi hiyo hiyo. Ikishindikana aingie kwenye friji, kamwe si kwenye jokofu la kugandisha, maana barafu inapasua chembe na mtaalamu wa hadubini ataletewa uji.

Kuhusu walio hai. Mwenye limau mpime uzito na ukadirie uvimbe. Miongozo mingi huweka mpaka wa kumwacha mnyama hai kwenye uvimbe wa asilimia 10 ya uzito wa mwili, na ngozi ikichanika na kuwa kidonda haingoji asilimia yoyote. Yule wa kichwa upande leo hii mlainishie chakula kwa maji, umwekee sakafuni, na ushushe chupa ya maji mpaka aifikie bila kunyanyua kichwa, kwa sababu wenye uvimbe wa pituitari mara nyingi hufa njaa chini ya chakula kilichojaa. Mtazame anavyokishika. Akishindwa kukiinua kwa mikono ya mbele, mpeleke kwenye mzani. Kama ameshapoteza moja ya tano ya uzito wake, zungumza na daktari wa wanyama wa maabara yenu kesho asubuhi juu ya kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu, na uhakikishe atakayefungua fuvu ameambiwa asiuvute ubongo.